Barua ya wazi: Mkaa wa kale uokolewe kabla kijiko cha mtambo wa kuchimba hakijafika

Kwa wenye dhamana ya mambo ya kale, ardhi, mazingira na uwekezaji katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullah wabarakatuh.

Naandika nikiwa mwalimu wa historia wa skuli ya sekondari huku kusini mwa Unguja. Wakati wa likizo nimekuwa nikifanya kazi ya kuchekecha udongo kwa watafiti wanaokuja kuchimba maeneo yetu ya kale. Ombi langu ni moja. Kabla hakijatolewa kibali cha kuchimba msingi, karo ya maji machafu au mchanga katika maeneo ya kale ya pwani ya Unguja na Pemba, pachukuliwe kwanza sampuli za mkaa na mbegu zilizoungua kutoka kila tabaka la udongo. Sampuli hizo zihifadhiwe hapa nchini, na tarehe zinazopatikana kwa kuzipima zisomeke na kila mtu kwa Kiswahili. Yote yanayofuata ni sababu za ombi hilo.

Nianze na mkaa, kwa kuwa mambo ya kale yakitajwa watu wengi huwaza dhahabu, sarafu na sahani za Kichina. Mkaa haumvutii mtu. Unapochekecha, unauona kama vipunje vyeusi vilivyojificha baina ya mizizi na vigae, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Hauguswi kwa vidole. Unaokotwa kwa koleo ndogo, unafungwa kwenye karatasi ya alumini, unatiwa mfukoni, na nje ya mfuko huandikwa jina la eneo, shimo, tabaka, kina na tarehe. Lebo ikipotea, mkaa ule haufai tena hata kuchemshia chai. Udongo mwingine hutiwa ndani ya pipa la maji na kukorogwa taratibu, mbegu zilizoungua zikaelea juu, tukazikinga kwa kitambaa. Ndiyo kazi nzima ilivyo kwa macho, na inahitaji subira zaidi kuliko fedha.

Yaliyomo ndani ya punje ile ndiyo makubwa. Juu kabisa angani, mionzi itokayo mbali huigonga hewa na kugeuza sehemu ya naitrojeni kuwa kaboni-14, kaboni yenye unururifu. Miti huivuta pamoja na hewa, mbuzi akala majani, nasi tukamla mbuzi. Maadamu kiumbe yu hai, kaboni hiyo hupungua na kujazwa tena. Siku anapokufa, kujazwa hukoma na kupungua huendelea kwa kasi isiyobadilika, hata kila baada ya miaka 5,730 ikabaki nusu yake. Willard Libby na wenzake wa Chicago walithibitisha mwaka 1949 kwamba hesabu hiyo inaweza kutumika kujua umri wa vitu vya kale, na mwaka 1960 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Enzi zile maabara ilihitaji mkaa mwingi kwa kipimo kimoja. Tangu mashine za kuharakisha chembe zilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, miligramu moja ya kaboni inatosha, na hiyo ni sehemu tu ya punje moja ya mchele iliyoungulia chunguni mwa mama mmoja wa Pemba miaka mia tisa iliyopita. Uwezo wa njia hii unafika miaka 50,000 nyuma hivi, nayo inatosha na kusaza kwa historia yote ya miji yetu.

Kuna atakayeuliza: hatuna maandishi na sarafu? Tunazo, na tunashukuru. Lakini zina mipaka yake. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, kwa hiyo mwaka ulioandikwa ukutani hausemi umri wa kila jiwe linaloonekana leo. Mtambwe Mkuu kule Pemba, mwaka 1984, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi. Sarafu hukwambia ilifuliwa lini, haikwambii ilikaa mikononi mwa watu muda gani kabla ya kufukiwa. Na vijiji vingi vya kale havikuwa na sarafu wala jiwe lenye maandishi. Vilikuwa na nyumba za udongo na miti, majiko ya mafiga, na majaa ya makombe na vigae. Watu wale ni wazee wetu sawasawa na waliojenga kwa mawe, na saa yao iliyobaki ni jiko lao.

Chukueni mfano wa pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami na wenzake walichimba pale, wakaandika juu ya mifupa ya kuku na mifugo mingine katika matabaka ya maelfu ya miaka iliyopita. Jambo hilo lilikuwa zito, kwa sababu kuku asili yake ni Asia. Kama kuku alifika Unguja zamani hizo, basi safari za Bahari ya Hindi nazo ni za zamani hizo. Baadaye watafiti wa mradi wa Sealinks, unaochunguza mawasiliano ya kale ya Bahari ya Hindi, walirudi pangoni wakachimba upya, tabaka jembamba baada ya jingine, wakipima mkaa kila hatua. Matokeo yao yaliyochapishwa 2016 yanaeleza kwamba watu walikaa pale kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati Unguja ilikuwa bado imeshikana na bara. Kwamba pango liliachwa baada ya bahari kupanda na kisiwa kujitenga. Na kwamba lilirudiwa na watu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Mwaka 2017 wakatoa matokeo mengine ya mifupa kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki. Safari hii hawakutegemea mkaa uliokutwa jirani na mfupa. Walipima mifupa yenyewe ya kuku na ya panya weusi, wakakuta wanyama hao wameingia kwetu kwenye karne ya 7 hadi ya 8 hivi, wala si miaka 3000 kabla ya Kristo kama baadhi walivyoamini.

Mimi nimeridhika na matokeo ya pili, na sababu nawapa wanafunzi wangu darasani: kipunje cha mkaa kinaweza kuteremka kwenye tundu la kaa au la panya kikajikuta katika tabaka lisilo lake, lakini mfupa wa kuku ukipimwa wenyewe hauna pa kujificha. Anayependelea matokeo ya mwanzo naye ana haki ya kuleta ushahidi wake. La muhimu kwenu, waheshimiwa, ni kwamba mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu pango lilikuwepo. Kuta za shimo zilisomeka, sampuli zilikuwa na lebo, na mtu aliyetilia shaka aliweza kurudi akaangalia kwa macho yake. Watafiti hao hao wanasema pia kwamba katika nchi za joto kama yetu mifupa huharibika ardhini, mingi haina tena kitu cha kupimika. Kwa hiyo mkaa na mbegu ndiyo tegemeo letu kubwa, na vyote viwili hupotea kwa kijiko kimoja.

Nililishuhudia hilo katika kijiji kimoja cha pwani ambacho sitakitaja, kwa kampuni ambayo pia sitaitaja, kwa kuwa sikusudii kumshitaki mtu. Palikuwa panachimbwa msingi wa majengo ya wageni. Nilisimama ukingoni mwa mtaro nikauona ukuta wake umekatwa wima kama keki: juu mchanga wa kijivu wenye mizizi ya minazi, chini yake mkanda mweusi wa majivu na mkaa, unene wa shubiri moja hivi, ndani yake makombe, mifupa ya samaki, mavi ya chuma na vigae vyenye michoro ya pembetatu shingoni, vigae ambavyo mtu yeyote aliyewahi kuchekecha Unguja Ukuu huvitambua mara moja. Chini ya mkanda, mchanga mweupe usioguswa. Zamani nzima ya mahali pale ilikuwa mbele ya macho yangu. Nikamwomba msimamizi anisubirie nichote ndoo moja tu. Alikuwa kijana muungwana, akanijibu kuwa yeye ameagizwa kumaliza kabla ya mvua na hana karatasi inayomruhusu kusimama. Alisema kweli. Hakuna aliyempa karatasi hiyo. Tipa lilijazwa udongo ule ukaenda kufukia mashimo ya barabara.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili halitatatuliwa kwa kuwalaumu wawekezaji. Tathmini ya athari za mazingira inayotakiwa kabla ya mradi mkubwa iwe na siku kadhaa za mtu wa mambo ya kale pale uwanjani: achimbe mashimo madogo ya majaribio, achukue safu kamili ya udongo kutoka juu hadi mchanga mweupe, na achuje mkaa na mbegu za kila tabaka. Si lazima sampuli zipimwe mwaka huo huo. Kipimo kimoja hugharimu dola mia kadhaa za Marekani, na najua bajeti zilivyo. Mkaa uliokauka vizuri na kufungwa vizuri unaweza kusubiri miaka mingi bila kupoteza kitu. Gharama ya kuuokota ni ndogo kuliko ya geti la hoteli, na mwekezaji anaweza kuilipa bila kuhisi.

Nasema safu kamili na nasema kila tabaka kwa sababu tarehe moja peke yake hudanganya. Nitaje machache tu niliyofundishwa na wanaoijua kazi. Mkaa wa kiini cha mvule mkubwa unaweza kuwa mkongwe kuliko moto uliouunguza kwa miaka mia na zaidi, kwa kuwa kiini kiliacha kuvuta kaboni mti ungali kijana. Na huku kwetu boriti haitupwi: nyumba ikianguka boriti huhamia nyumba nyingine, ikichoka huko huishia jikoni. Ndiyo maana mbegu, kifuu cha nazi au kijiti chembamba ni bora kuliko bonge la gogo, kwa sababu vimeishi msimu mmoja au michache tu. Makombe nayo yana lao. Bahari hukaa na kaboni ya zamani, hivyo ganda la chaza aliyeliwa siku moja na wali litaonekana, lisiporekebishwa, limeutangulia wali huo kwa miaka mia kadhaa. Mifupa ya watu waliokula samaki maisha yao yote huathirika vivyo hivyo kwa kiasi chake.

Kisha kuna kaskazi na kusi. Umri unaotoka maabara bado si miaka ya kalenda, kwa sababu kaboni-14 ya angani haikuwa sawa kila zama. Hulinganishwa na mikondo, yaani michoro ya kusahihishia umri, iliyotengenezwa kwa pete za miti zinazojulikana miaka yake, na mikondo inayotumika sasa ilitolewa mwaka 2020. Upo wa kizio cha kaskazini na upo wa kizio cha kusini, na tofauti yake ni kama miaka 40. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, lakini kaskazi hutuletea hewa ya kule Arabuni na Bara Hindi, na kusi hutuletea ya kusini mwa bahari. Basi mmea uliokua hapa umevuta hewa za pande zote mbili, na watafiti huchagua mkondo mmoja au huchanganya. Hakuna ubaya katika kuchagua, ila lazima iandikwe nini kilichaguliwa.

Hilo linanileta kwenye daftari. Tarehe za maeneo ya kale ya Unguja Ukuu, Fukuchani, Tumbe, Ras Mkumbuu na kwengineko zimepimwa nje na kuchapishwa nje, kwa Kiingereza, nyingine ndani ya majarida yanayolipiwa. Ninachokiona mimi mwalimu ni kauli fupi kama "karne ya 8", bila kuambiwa kilichopimwa ni mkaa, kombe au mbegu, wala kilitoka kina gani. Tarehe iliyopimwa miaka ya 1980 haijafa. Ikiwa namba yake ya maabara, umri wake wa awali na kitu kilichopimwa vimeandikwa, mtu anaweza kuihesabu upya leo kwa mkondo mpya. Ikiwa kilichoandikwa ni "karne ya 8" tu, hapana la kufanya. Na yapo makosa madogo yanayosambaa kwa kukosa maelezo: wanasayansi wanapoandika miaka kadhaa "kabla ya sasa", hiyo sasa yao imewekwa kuwa mwaka 1950, kabla majaribio ya mabomu ya nyuklia hayajaivuruga kaboni ya angani. Muongoza watalii hana pa kulijua hilo.

Kwa hiyo kila anayepewa kibali cha utafiti atakiwe kuirudishia Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale orodha ya vipimo vyake vyote, hata vilivyoharibika au kutoa majibu yasiyopendeza, pamoja na ukurasa mmoja au miwili ya maelezo kwa Kiswahili. Orodha iwe wazi kwenye mtandao, na nakala ya karatasi iwekwe skuli na ofisi za shehia zilizo jirani na eneo lenyewe. Wanafunzi wa Micheweni wana haki ya kusoma kwamba Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe ya karne ya 7 hadi ya 10 na jirani yake Chwaka iliyofuata, na kwamba Sarah Walshaw, kwa kuhesabu mbegu zilizoungua, alionyesha watu wa Tumbe wakitegemea zaidi uwele na watu wa Chwaka wakihamia kwenye mchele. Leo Pemba haifungwi harusi bila wali. Mtoto akijua kwamba mazoea hayo yana mwanzo, na kwamba mwanzo huo umesomwa ndani ya masizi ya jikoni kwao, ataitazama ardhi ya kijiji chake kwa jicho jingine. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wangu niliowapeleka Unguja Ukuu, na nalisema kwa furaha.

Uhifadhi nao hauwezi kungoja. Tarehe 25 Disemba 2020 Beit al-Ajaib, lililokuwa jumba letu la makumbusho, liliporomoka sehemu yake na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba huo ulitufundisha sote kwamba vitu vya kale visiwekwe mahali pamoja penye mashaka. Sampuli za mkaa hazihitaji kasri. Zinahitaji chumba kikavu, kabati za chuma, lebo zisizofutika na mtu mwenye funguo na daftari. Kimoja Unguja na kimoja Pemba vinatosha kuanzia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikishirikishwa, vijana wetu watajifunza kusafisha mkaa kwa asidi na alkali kama inavyofanywa kabla ya kupimwa, hata kama mashine yenyewe iko mbali. Na mbali huko si lazima iwe Ulaya au Marekani. Maabara ya iThemba iliyopo Johannesburg inapima kaboni-14, na mkataba baina ya taasisi mbili za Afrika ni jambo mnaloliweza.

Nina ombi dogo la ziada kwa wanaokarabati magofu. Chokaa ya zamani ilichomwa kwenye tanuu, matumbawe juu na magogo chini, na vipunje vya mkaa wa tanuu vilibaki ndani yake. Ukilitazama pande la chokaa ya ukuta wa kale kwenye jua utaviona. Fundi anapobandua chokaa iliyochoka ili apake mpya, anabandua pamoja nayo nafasi ya kujua ukuta ulijengwa lini. Aweke pande moja la kila ukuta, kiasi cha ngumi, kabla ya kutupa kifusi.

Kazi ianze pale ambapo hatari ni kubwa. Ras Mkumbuu, ambapo wengi wanapahusisha na Kanbalu aliyoitaja msafiri wa Kiarabu al-Masudi katika karne ya 10, na Mtambwe Mkuu, vyote vimezungukwa na bahari karibu pande zote, na bahari haiombi kibali. Fukuchani na Unguja Ukuu ziko kwenye fukwe ambazo thamani ya ardhi inapanda kila mwaka. Maeneo hayo manne yapewe mipaka iliyopimwa na kuwekwa mawe, na ramani zake zipelekwe kwa masheha na kwa wanaogawa viwanja, kwa sababu sheha hawezi kulinda mpaka ambao hajaonyeshwa.

Mkihitaji watu wa kuchekecha, wapo. Vijijini kwetu kuna wanaume na wanawake waliofanya kazi hiyo na watafiti, wanaojua kutofautisha mkaa na mzizi uliooza, na wanafunzi wanaotaka kufundishwa. Chekecheke tunazo, mapipa ya maji tunayo. Tunachokiomba kwenu ni ile karatasi ambayo msimamizi wa mtaro alisema hana: agizo lenye sahihi yenu linalosema kazi isimame mkanda mweusi ukionekana, isimame kwa siku ngapi, na nani apigiwe simu.

Nasubiri jawabu lenu kwa heshima na taadhima.

Wabillahi tawfiq,

Mwalimu wa historia,
Mkoa wa Kusini Unguja